Mwongozo Kamili: Kuchagua Gari la Kazi kwa Fundi wa Nyumba Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka baada ya mavuno, watu wakishauza mahindi, viazi na parachichi, kazi za nyumba hufumuka kuanzia Mafinga hadi Tukuyu, na mafundi nao huanza kutafuta gari. Miezi michache baadaye mengi ya magari hayo yako juu ya mawe. Klachi imeungua, springi zimekatika, au hedi ya injini imepasuka mlimani. Ukimuuliza mwenye gari alilichaguaje, utasikia aliambiwa injini ile haifi, au bei ilikuwa nzuri, au alimwona nalo fundi mwenzake.

Hapa tunakwenda kwa mpangilio mwingine: mzigo kwanza, barabara ya pili, gari la tatu. Ukiziruka hatua tatu za mwanzo, ukaguzi wa injini hautakuokoa, kwa sababu hata gari zima kabisa hufa mapema likipewa kazi isiyo yake.

Mwongozo unamhusu fundi wa marumaru, bati, mabomba, umeme, rangi, gypsum, grili au aluminium, anayenunua gari lililotumika kwa fedha aliyoihangaikia mwenyewe.

## Andaa hivi kabla ya kwenda kuona gari lolote

- Daftari lenye kazi zako za miezi mitatu iliyopita: ulibeba nini, kiasi gani, kwenda wapi.
- Futi ya kupimia, ile ile ya kazini.
- Tochi yenye mwanga mkali, nyundo ndogo na sumaku.
- Kitambaa cheupe safi na kipande cha boksi la karatasi cha kutandika chini ya injini.
- Simu yenye intaneti.
- Fundi magari wako mwenyewe. Aliyeletwa na muuzaji au dalali, mshukuru, kisha mwache akae pembeni.
- Mzigo wa majaribio. Mifuko kumi ya saruji ya kuazima kwa muuza vifaa unayefahamiana naye inatosha.
- Fedha ya matengenezo, iliyotengwa mbali na bei ya gari. Usipoitenga utaimalizia kwenye bei, halafu gari likae nyumbani likisubiri tairi.

## Hatua ya 1: Geuza kazi yako iwe kilo

Mafundi tunapima mzigo kwa macho: "robo tripu", "bodi imejaa". Ekseli na springi hazijui tripu, zinajua kilo. Fungua daftari uandike uzito wa kila kazi ukitumia makadirio haya:

- Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja kamili.
- Mchanga mkavu wa mita moja ya ujazo ni karibu tani 1.5. Ukilowa unazidi hapo.
- Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ni karibu kilo 11. Ya milimita 16 ni karibu kilo 19.
- Boksi la marumaru za 60 kwa 60 lenye vipande vinne ni karibu kilo 30.
- Ubao wa gypsum wa mita 1.2 kwa 2.4 ni kilo 17 hadi 20, ukiwa ule mwembamba wa dari.
- Bati la futi 10 ni kilo 6 hadi 9 kutegemea geji, yaani unene.
- Maji: lita moja, kilo moja. Dramu ya lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu dramu lenyewe.
- Mtu mzima: weka kilo 70. Saidia wako ni sehemu ya mzigo, iwe amekaa mbele au nyuma.

Chukua mfano wa sebule na korido zenye jumla ya mita 40 za mraba. Boksi moja la marumaru hizo linafunika mita 1.44, kwa hiyo unahitaji maboksi 28, yaani kilo 840. Ongeza mifuko 10 ya saruji, kilo 500. Mashine ya kukatia, ndoo, ngazi na vifaa vingine, kilo 60. Wewe na vijana wawili, kilo 210. Tayari ni kilo 1,610, na mchanga bado haujaingia.

Sasa weka namba hizo mbele ya gari. Kirikuu, yaani Suzuki Carry au ndugu yake Daihatsu Hijet, imeundwa kubeba kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji. Kila siku tunaziona zikipanda na mifuko kumi na tano, na mwenye gari anaona ni sawa kwa sababu limefika. Limefika, ndiyo, ila beringi za nyuma, klachi na breki zimelipa.

Uwezo halisi wa gari hauhitaji kubishania. Malori na pikapu nyingi zilizotumika Japani zina namba hiyo nyuma, kwenye mlango wa bodi: maandishi ya Kijapani yakifuatiwa na 350kg, 750kg, 2000kg na kadhalika. Ikiwa rangi imepakwa upya, tafuta bamba la chuma kwenye fremu ya mlango au ndani ya kebini, au andika jina la modeli kwenye intaneti.

Ukimaliza, zungushia mzigo unaoubeba katika siku nane kati ya kumi. Hiyo ndiyo namba ya kununulia gari. Siku mbili nzito zilizobaki tutazipangia namna yake kwenye hatua ya 4.

Umefanikiwa ukiweza kumwambia mtu kwa sentensi moja: "Mzigo wangu wa kawaida ni kilo 600, na mara moja kwa wiki napata tani moja na nusu."

## Hatua ya 2: Pima urefu, si uzito peke yake

Fundi bati anaweza kuwa na mzigo mwepesi usioenea popote. Bati la futi 10 ni zaidi ya mita 3. Bomba la futi 20 ni mita 6. Ubao wa gypsum ni mita 2.4, na ukining'inia bila kushikwa unakatikia barabarani kwenye tuta la kwanza.

Bodi ya Kirikuu ina urefu wa karibu mita 1.9 na upana wa mita 1.4. Hilux ya kebini moja huwa na karibu mita 2.3. Dabo kebini inabaki na mita 1.5 tu. Canter fupi ina mita 3 na kidogo, na ndefu inafika mita 4.3. Usitegemee namba hizi peke yake. Vuta futi yako ndani ya bodi, pima pia nafasi kati ya matuta ya tairi, kwa sababu kuna bodi pana juu lakini ubao wa mita 1.2 haulali chini.

Kinachozidi bodi kinahitaji keria. Keria ya kazi inafungwa kwa bolti hadi kwenye chesisi. Ile inayochomelewa kwenye bati la bodi pekee huanza kupasua bodi kwenye kona baada ya muda mfupi wa njia za vumbi.

Onyo: mabomba au nondo zikitokeza nyuma, funga kitambaa chekundu mchana na taa usiku, na kaza kamba mbele na nyuma. Kwenye mteremko wa Iwambi, Mbeya, ukifunga breki ghafla, bomba lisilofungwa mbele huingia kebini kupitia kioo cha nyuma.

## Hatua ya 3: Andika milima yako

Hii ndiyo hatua ambayo ushauri kutoka Dar es Salaam hautufai. Gari lililosifiwa Kariakoo linasifiwa kwenye tambarare, kwenye hewa nzito ya pwani. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inayoingia ni nyepesi. Ukiwa Mwanjelwa hapo mjini, gari lako limeshapoteza karibu asilimia 15 kabla hujapakia hata tofali moja. Ukielekea Kitulo, robo ya nguvu imekwenda.

Injini yenye tabo inasukumiwa hewa, hivyo inapoteza kidogo sana. Ina gharama zake, tutazifikia.

Chora kwenye daftari njia unazopita mara nyingi, na andika mambo mawili kwa kila moja: mlima na udongo. Mbeya, anayefanya kazi kati ya Soweto, Forest na Mwanjelwa anapita lami kwa sehemu kubwa, na kinachomsumbua ni vichochoro. Anayekwenda Isyesye, Itezi au Iganzo ana vipande vya mwinuko visivyo na lami. Iringa, kila mzigo unaotoka Ipogolo kwenda mjini unapanda ule mlima. Anayepata kazi Tukuyu ana utelezi, maana Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na nyumba nyingi ziko mbali na lami, katikati ya migomba. Anayevuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni ana swali moja kubwa, nalo ni breki.

Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Mei. Ukinunua gari Agosti barabara ikiwa kavu, jiulize njia hiyo hiyo ikoje Februari. Kama zaidi ya robo ya kazi zako ziko nje ya lami, lihesabu gari la magurudumu manne kuwa hitaji.

## Hatua ya 4: Linganisha aina ya gari na namba zako

Sasa una namba tatu: kilo, urefu, na milima. Aina zilizopo sokoni kwetu ni chache, na kila moja ina mtu wake.

Guta na toyo za matairi matatu zinafaa kwa kuhamisha mzigo ndani ya mtaa tambarare. Kwenye mteremko wenye mzigo hazina breki za kuaminika. Tuziache hapo.

Kirikuu ni gari zuri kuliko sifa linazopewa, mradi liheshimiwe. Kwa fundi umeme, fundi mabomba wa matengenezo, fundi rangi na fundi aluminium anayebeba fremu nyepesi, linatosha: mafuta kidogo, spea zipo kila mahali, linaingia kichochoro ambacho Canter haiingii. Injini ni ya cc 660, kwa hiyo chukua yenye magurudumu manne kama unapanda, na usivuke kilo 350. Lina viti viwili tu. Kijana wa tatu anapanda bodaboda, hapandi juu ya saruji.

Toyota Townace na Liteace za bodi zinaanzia kilo 750. Zile za injini ya 5K na 7K za petroli zinatengenezeka na fundi yeyote wa mtaani. Nyingi zinasukuma kwa nyuma tu na zimekaa chini, hivyo zinafaa mjini kuliko Tukuyu au Kilolo vijijini.

Hilux ya kebini moja inabeba karibu tani moja, ina springi za kazi, na ya magurudumu manne inafika karibu kila nyumba inayojengwa mikoa hii. Bei yake haishuki haraka, jambo zuri siku ya kuuza, baya siku ya kununua. Kwa fundi marumaru, fundi ujenzi mdogo na fundi gypsum, mimi naiweka ya kwanza bila kusita.

Dabo kebini ni gari la msimamizi. Ukishapakia watu watano, kilo 350 zimekwenda kwa watu, na bodi iliyobaki haitoshi ubao wa gypsum. Mafundi wengi wanaichagua kwa sababu Jumapili inapeleka familia kanisani. Sababu hiyo ni halali, basi ipe uzito wake: unanunua gari la familia linalosaidia kazi kidogo.

Land Cruiser pikapu inakwenda popote, Makete na Ludewa wakati wa masika ikiwemo. Kwa bei yake utanunua Hilux na vifaa vya karakana nzima. Ichukue tu kama kazi zako ni za miradi ya mbali.

Canter, Isuzu Elf na Dyna za tani 2 hadi 3 ni za fundi anayepaua nyumba nzima na timu yake, anayefuata mbao Mafinga mwenyewe. Kumbuka kwamba magari yenye uzito wa jumla kuanzia tani 3.5 hupita mizani, kama ile ya Wenda, Makambako au Mpemba. Na gari la namna hiyo hata likitembea tupu linakula mafuta mengi.

Sasa zile siku mbili nzito. Kama unahitaji tani mbili mara moja kwa wiki au pungufu, kodi Canter siku hiyo na uweke gharama kwenye kazi ya mteja. Usinunue lori kwa ajili ya siku moja ya wiki halafu siku tano ulipeleke likiwa na sanduku la drili. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteza fedha kimya kimya, kwa sababu gharama haiji kwa mkupuo. Inatoka kwenye tangi kila asubuhi.

Umefanikiwa ukibaki na aina moja, au mbili kwa mbali, na ukaweza kusema kwa nini zile nyingine umeziacha.

## Hatua ya 5: Chagua injini kwa kuangalia gereji ulizonazo

Injini bora ni ile ambayo fundi wa Uyole au Kihesa anaweza kuifungua bila kompyuta, na spea yake ikapatikana siku hiyo hiyo.

Kwa Hilux za zamani, dizeli ya 3L (cc 2,779) na 5L (cc 2,986) ni polepole lakini pampu yake ni ya kawaida na inavumilia. Hazina tabo, kwa hiyo mlimani utapanda gia ya pili na malori yatakupita. Kama subira unayo, utafika kila siku.

Dizeli ya 1KZ-TE ina tabo na inapanda vizuri, ila haisamehi kuchemsha. Ikichemsha mara moja vibaya, hedi hupasuka. Inunue tu kama mfumo wake wa maji ni mzima kabisa. Dizeli za 2KD na 1KD zina nguvu na zinakula mafuta kidogo, lakini injekta zake, yaani vinyunyizio vya dizeli, haziwezi dizeli chafu au yenye maji, na bei ya seti ya injekta inaweza kumsimamisha fundi mdogo. Ukiichagua, badilisha filta ya dizeli kabla ya muda wake na acha kabisa mafuta ya madumu ya barabarani.

Kwa malori, 4D33 ya Canter na 4HF1 ya Elf zimezoeleka, na spea zake utazikuta Mbeya, Makambako na Iringa.

Petroli inawaka kirahisi asubuhi ya Julai na matengenezo yake ni mepesi. Kama mwendo wako kwa siku ni mfupi na mzigo ni mwepesi, hakuna sababu ya kung'ang'ania dizeli.

## Hatua ya 6: Likague likiwa baridi

Mwambie muuzaji utafika saa moja asubuhi na asiliwashe. Ukifika ukakuta boneti ina joto, rudi kesho. Gari lililowashwa kabla hujafika limefichwa jambo, na kwa dizeli mara nyingi ni ugumu wa kuwaka kwenye baridi. Juni na Julai huku kwetu dizeli yenye plagi za kupasha joto zilizokufa haikubali mpaka isukumwe.

Anza na maji. Fungua kizibo cha rejeta injini ikiwa baridi. Chovya kidole, kisha kipanguse kwenye kitambaa cheupe. Unataka rangi safi ya kijani au nyekundu. Ukiona utando wa mafuta unaong'aa, au kutu nzito ya kahawia, simama hapo. Geuza kizibo chenyewe: mpira wa chini uwe laini na usio na mpasuko, na springi irudi ukiibonyeza. Kizibo hicho kidogo kina kazi kubwa huku juu. Maji ya wazi Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ni mgandamizo unaotunzwa na kizibo ndio unaoyazuia yasichemke mlimani. Namba iliyoandikwa juu yake, kama 0.9 au 1.1, lazima ilingane na ya injini hiyo. Wengi wanabadilisha rejeta nzima wakati kizibo ndicho kimekufa.

Uliza pia kama thamostati, kifaa kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, imetolewa. Mafundi wengi huing'oa wakidhani wanapooza injini. Kwenye baridi yetu, injini isiyo nayo inatembea bila kufikia joto lake, inakula mafuta na kusagika.

Oili. Angalia chini ya kizibo cha oili. Uji mzito wa rangi ya maziwa maana yake maji yamekutana na oili. Utando mwembamba tu unaweza kuwa unyevu wa asubuhi za baridi kwenye gari la safari fupi. Futa, endesha, angalia tena.

Moshi. Liwashe huku ukisimama nyuma. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma, maji yakipungua, ni gasketi ya hedi. Mweusi kidogo kwenye dizeli isiyo na tabo ikipanda mlima ni jambo la kawaida kwa mwinuko wetu, kwa sababu pampu inatoa mafuta ya usawa wa bahari na hewa haitoshi. Usiliache gari kwa moshi huo mweusi kidogo, wala usimwache dalali akwambie moshi wa bluu ni wa mwinuko.

Chesisi. Hapa lala chini. Magari mengi yametoka sehemu za theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, na kutu huanzia ndani ya chuma. Gonga kwa nyundo taratibu kuanzia nyuma ya kebini hadi juu ya ekseli ya nyuma, pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na vipande vya kutu vinadondoka kama maganda. Tafuta mistari ya kuchomelea upya na rangi nyeusi iliyopakwa juzi. Pitisha sumaku kwenye kona za bodi. Isiposhika, chini yake ni pati, yaani udongo wa kuzibia bodi. Bodi iliyooza inabadilishwa. Chesisi iliyooza, ondoka.

Springi. Simama mbali uangalie gari kwa ubavu likiwa tupu. Nyuma panapaswa kuwa juu kidogo kuliko mbele. Likiwa tupu na tayari limekaa chini, limebebeshwa kupita kiasi kwa miaka. Springi zilizoongezwa majani nazo zinakueleza lilikuwa linabeba nini.

Tairi. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa kazi, tafuta tairi za mzigo, zenye herufi C au 6PR na 8PR, si za gari dogo zilizowekwa ili lipendeze.

## Hatua ya 7: Lipandishe mlima likiwa na mzigo

Gari tupu kwenye lami tambarare halina siri ya kutoa. Pakia ile mifuko yako ya saruji, isizidi uwezo ulioandikwa, kisha tafuta mwinuko. Mbeya tumia njia ya Mbalizi kurudi mjini kupitia Iwambi. Iringa panda kutoka Ipogolo.

Kabla ya kuondoka, jaribu breki uwanjani na uhakikishe pedali haizami ukiikanyaga kwa nusu dakika. Ikizama, jaribio limeishia hapo. Usiteremke na gari hilo.

Ukipanda, tazama sindano ya joto. Inapaswa kupanda kidogo na kusimama. Ikiendelea kupanda mpaka juu, egesha, acha injini ipoe, na usifungue rejeta ya moto. Kwenye gia ya tatu kanyaga mafuta kwa nguvu: kama injini inanguruma zaidi lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Simama katikati ya mwinuko mahali salama, vuta breki ya mkono, halafu uondoke bila kurudi nyuma. Fundi anayefanya kazi milimani atalifanya hilo kila siku mbele ya geti la mteja.

Ukishuka, tumia gia ile ile uliyopandia na uache injini ishike. Gari likivuta upande mmoja ukifunga breki, au ukisikia harufu ya kuungua kwenye tairi moja, kuna silinda ya breki iliyoganda. Hilo linatengenezeka, na linakupa nguvu ya kushusha bei.

Ukirudi, egesha juu ya kile kipande cha boksi kwa dakika kumi na tano. Matone utakayoyakuta yanakwambia ni oili, maji au mafuta ya breki.

Umefanikiwa kama limepanda bila kuchemsha, limesimama mlimani, limeshuka bila harufu, na boksi limebaki kavu au lina tone moja la oili unaloweza kulipangia bajeti.

## Hatua ya 8: Karatasi kabla ya fedha

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Jina kwenye kadi liwe la mtu anayekuuzia, na kitambulisho akionyeshe. Kadi ikionyesha benki ina haki juu ya gari, mkopo haujaisha.

Angalia kwa namba ya gari madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni, na madeni ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Ukinunua bila kuangalia, unarithi. Bima nayo ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, maana stika peke yake si ushahidi.

Onyo kwa wa Tunduma na Kasumulu: magari ya IT, yaani yanayopita kwenda nchi jirani, na yale yenye namba za Zambia au Malawi, huuzwa kwa bei inayotamanisha. Bei ni ndogo kwa sababu kodi ya Tanzania haijalipwa. Likikamatwa, unapoteza gari na fedha, na muuzaji humpati. Ukitaka kujua kodi halali ya gari unaloliagiza, tumia kikokotoo cha TRA cha mtandaoni kabla ya kutuma hata shilingi.

Mkataba uandikwe kwa wakili. Fedha iingie kwenye akaunti ya jina lililo kwenye kadi, si ya dalali. Kisha nenda TRA ukahamishe umiliki mara moja. Kama utabebea watu mizigo kwa malipo, unahitaji namba nyeupe za biashara na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Namba za njano ni za matumizi binafsi.

## Hatua ya 9: Liandae kabla ya kazi ya kwanza

Siku ya kwanza badilisha oili ya injini, filta zote na mafuta ya breki, hata kama muuzaji ameapa. Badilisha mkanda wa taimingi kama injini inautumia na huna ushahidi wa lini ulibadilishwa.

Weka sanduku la chuma lenye kufuli nyuma ya kebini, lifungwe kwa bolti kutokea ndani. Mzigo mzito kama saruji na marumaru ukae mbele, ukielekea kebini, sio nyuma ya ekseli. Ukiuweka nyuma usukani unakuwa mwepesi na kwenye tope la Igawilo gari litakwenda linakotaka lenyewe. Nunua turubai zito. Saruji iliyolowa njiani hakuna atakayekurudishia.

Jaza tangi, andika kilomita, fanya kazi wiki moja, jaza tena, gawanya. Sasa unajua lita ngapi kwa kilomita 100 ukiwa na mzigo wako, kwenye milima yako. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, Jumatano ya kwanza. Siku hiyo chukua bei ya mji wako, zidisha, ongeza kiasi cha tairi na oili, na uandike mstari wa usafiri kwenye kila makadirio unayompa mteja, peke yake, juu ya ufundi.